Sura ya Sita: Kura za Kuazima

Jumatatu ya tarehe 14 Oktoba 2002, Nairobi ilikuwa na mikutano miwili. Kule Kasarani, wajumbe wa KANU walikusanywa kumpitisha Uhuru Kenyatta awe mgombea urais. Kusema kweli hapakuwa na cha kupitisha. Rais Daniel arap Moi alikuwa amekwisha kumtaja mrithi wake tangu Julai, na wajumbe walikwenda kupiga makofi. Katikati ya mji, kwenye bustani ya Uhuru Park, kulijaa watu wa aina nyingine: viongozi wa upinzani waliopambana na Moi kwa miaka kumi, na kando yao vigogo wa KANU yenyewe, waliochoka kuamriwa wamfuate kijana ambaye hata ubunge wa Gatundu Kusini ulimshinda mwaka wa 1997. Vigogo hao walijiita Rainbow. Walikuwamo Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na George Saitoti, aliyekuwa makamu wa rais mpaka Moi alipomtimua mwishoni mwa Agosti.

Raila akashika kipaza sauti. Jukwaani alikuwa na mazoea yake: kutega vitendawili, kuuliza maswali, kuuachia umati ujibu. Siku hiyo aliuuliza umati kama Mwai Kibaki anatosha. Umati ukaitikia, na kampeni ikapata neno lake: Kibaki Tosha.

Tuiangalie vizuri ajabu ya tukio hilo. Kibaki alikuwa mwenyekiti wa Democratic Party na kiongozi rasmi wa upinzani bungeni. Raila, miezi saba tu nyuma, alikuwa amekivunja chama chake cha NDP na kukiingiza ndani ya KANU, akapewa ukatibu mkuu wa chama tawala juu ya uwaziri aliokuwa nao. Kwa hiyo aliyesimama pale kumnadi kiongozi wa upinzani ni mtu ambaye muda si mrefu alikuwa na muhuri wa chama cha serikali mezani kwake. Tena mwaka wa 1997 wawili hao walishindana kwa kiti hichohicho. Kibaki akawa wa pili nyuma ya Moi, Raila wa tatu. Na pale jukwaani kulikuwa na wengine waliokuwa na ndoto zao za urais, ambao walilisikia neno hilo wakati mmoja na wananchi waliokaa kwenye nyasi. Baadhi yao walimeza mate. Simeon Nyachae hakumeza. Aliondoka akagombea kivyake kwa tiketi ya Ford-People, akawa wa tatu.

Siasa za Afrika Mashariki zimejaa watu wanaohama vyama. Kuhama ni jambo la kawaida, na wakati mwingine ni la aibu tu. Sura hii haiwahusu hao. Inahusu kitendo kingine ambacho ni kigumu zaidi: kubaki na watu wako, na bendera yako, halafu uwaambie wampigie kura mgombea wa upande ambao jana mlikuwa mnaupinga. Kinachotakiwa hapo ni kwamba kura ziende na mwenye kura abaki. Ni mkopo. Na mikopo ya namna hii, Kenya, ina historia ndefu kuliko vyama vyenyewe.

Raila hakuianzisha. Juni 1958 baba yake, Jaramogi Oginga Odinga, alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni akasema kwamba viongozi wa kweli wa Waafrika wa Kenya ni Jomo Kenyatta na wenzake, ambao wakati huo walikuwa kifungoni. Wajumbe wenzake Waafrika walishtuka. Kumtaja Kenyatta siku hizo kulikuwa kujipaka masizi ya Mau Mau mbele ya serikali. Miaka mitatu baadaye KANU ilishinda uchaguzi ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiwe. Jaramogi, ambaye Waingereza wangeweza kumzoea kama wangelazimika, aliukataa mlango uliokuwa wazi. Malipo yake alipata: umakamu wa rais Desemba 1964. Machi 1966, katika mkutano wa chama kule Limuru, cheo chake cha umakamu wa chama kilikatwa vipande vinane wakagawiwa watu wanane. Mwezi uliofuata alijiuzulu akaunda KPU. Oktoba 1969 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, pakatokea vurugu, walinzi wake wakafyatua risasi, watu wakafa. KPU ikapigwa marufuku, Jaramogi akawekwa kizuizini.

Mtu wa Kisumu aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka wa 1969 alikuwa na miaka 53 siku Raila aliposema Kibaki Tosha. Alikuwa na kila sababu ya kuuliza: tena? Tumwazime Mkikuyu mwingine mkono wetu, tena?

Na bado alimwazima. Tarehe 27 Desemba 2002 Nyanza ya Waluo ilimpigia Kibaki kana kwamba jina la Raila ndilo lililokuwa kwenye karatasi. Nchi nzima Kibaki alipata asilimia 62, Uhuru 31. Mwezi huohuo, tarehe 3, Kibaki alikuwa ameumia katika ajali ya gari karibu na makutano ya barabara ya Machakos akapelekwa London kutibiwa. Wiki za mwisho za kampeni zilibebwa na wenzake, Raila mbele, wakimnadi mtu aliyekuwa akiuguza majeraha. Wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji, Unbwogable, uliotungwa na vijana wa Kijaluo, ukawa wa wote, na siku ya kuapishwa, tarehe 30 Desemba, palepale Uhuru Park, rais mpya aliletwa kwenye kiti cha magurudumu.

Kwa nini walifuata? Jibu la haraka ni kwamba Waluo humfuata Raila popote. Silipendi. Linawafanya watu wazima waonekane ng'ombe wa kuswagwa, tena si kweli: Raila alipoingia KANU mwaka uleule wa 2002 wengi walinung'unika, wakamvumilia tu. Ukweli ni kwamba mwaka huo hakuwaomba waende mahali wasikotaka kwenda. Walikuwa wameichoka KANU tangu 1966. Aliwaomba wabadilishe gari, safari ikabaki ileile. Pili, na hili ndilo lililouza, aliwaomba akiwa yeye mwenyewe amelipa. Kiti alichokitoa kilikuwa chake. Kiongozi anayesema "tumwachie fulani" huku yeye akipoteza urais husikilizwa kwa sikio tofauti na yule anayesema hivyo huku muda wake umekwisha na katiba inamfukuza.

Mkopo ulikuwa na karatasi. Oktoba hiyo pande mbili za muungano wa NARC, NAK ya Kibaki na LDP ya Raila, zilitia saini mkataba wa maelewano. Baraza la mawaziri ligawanywe nusu kwa nusu. Katiba mpya ije, na ndani yake kuwe na waziri mkuu, naye awe Raila. Baada ya kuapishwa Raila alipewa Wizara ya Barabara, Ujenzi na Nyumba. LDP ilipohesabu viti ikaona nusu si nusu. Waliokuwa karibu na rais walisema mkataba ule haukuwa sheria, na kwa kweli haukuwa. Hakuna mahakama ungeupeleka. Novemba 2005 nchi ilipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba. Serikali ilipewa alama ya ndizi, waliopinga wakapewa chungwa. Chungwa likashinda kwa asilimia 58 hivi. Kibaki akavunja baraza zima, na alipoliunda upya Raila na kundi lake hawakuwamo. Chama cha ODM kilichukua jina lake kutoka kwenye tunda hilo. Yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yanajulikana: zaidi ya watu 1,100 walikufa, mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Kiti cha waziri mkuu kilichoahidiwa 2002 kilipatikana 2008, kwa mkono wa msuluhishi Kofi Annan, juu ya makaburi.

Kabla ya kuendelea, kuna kituko cha mwaka 2007 ambacho huwa kinasahaulika. Kiongozi rasmi wa upinzani bungeni wakati huo alikuwa Uhuru Kenyatta. Kazi yake kwa kanuni za bunge ilikuwa kumpinga rais na kujiandaa kumrithi. Septemba mwaka huo akatangaza kwamba hagombei, na kwamba yeye na KANU yake wanamuunga mkono Kibaki, yuleyule aliyembwaga miaka mitano nyuma. Mzee Moi alikuwa ametangulia kumbariki Kibaki Agosti. Siku ya kuapishwa Kibaki, 2002, umati ulikuwa umemrushia Moi matope. Sijui kama dunia ina nchi nyingine ambamo serikali iliyoondolewa na upinzani uliotakiwa kuisimamia vimewahi kusimama jukwaa moja kumwombea kura mtu mmoja, lakini Kenya hilo lilipita kama habari ya siku mbili. Watu wa Mlima Kenya hawakuona ajabu yoyote. Kwao Uhuru alikuwa amerudi nyumbani.

Hapo ndipo penye mzizi wa kilichompata miaka 15 baadaye.

Tarehe 9 Machi 2018, kwenye ngazi za Harambee House, Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walishikana mikono. Wiki zisizofika sita kabla ya hapo Raila alikuwa amejiapisha Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi", kwa sababu aliuona uchaguzi wa 2017 umeibwa mara mbili: ule wa Agosti uliofutwa na Mahakama ya Juu, na ule wa marudio wa Oktoba alioususia. Nchi ilipumua. Biashara zilirudi. Na chama tawala cha Jubilee kikapasuka, upande mmoja Tangatanga, waliozunguka na Naibu wa Rais William Ruto, upande mwingine Kieleweke, waliobaki na rais. Kwa miaka minne Kenya ikawa na naibu wa rais aliyeishi kama mpinzani na kiongozi wa upinzani aliyelindwa na magari ya serikali.

Tarehe 12 Machi 2022, katika ukumbi wa KICC, muungano wa Azimio la Umoja ulimtangaza Raila kuwa mgombea wake, na Uhuru, rais aliyekuwa madarakani na kiongozi wa Jubilee, akasimama mbele ya nchi akampigia debe. Wiki chache nyuma, Februari, alikuwa amewaita viongozi wa Mlima Kenya kwenye ikulu ndogo ya Sagana akawaeleza kwa Kikuyu, kwa saa kadhaa, kwa nini hawezi kumwachia naibu wake nchi na kwa nini wamfuate Raila. Ilikuwa hotuba ya mtu anayejua kwamba watu wake wamemtangulia njia nyingine.

Walikuwa wamemtangulia kwa sababu yeye ndiye aliyewaonyesha. Mwaka wa 2013 na 2017 alizunguka nao na Ruto, mashati yakifanana, akiwaambia miaka kumi yake na kumi ya Ruto. Kesi ya ICC ilipokuwa imewakalia wote wawili, majukwaani ilisemwa kwamba aliyewatia kitanzi ni Raila. Tangu enzi za baba zao Odinga lilikuwa jina la kutisha watoto wasilale nje. Sasa baba aliyekuwa akiwatisha anarudi nyumbani na yule waliyetishwa naye, anasema mpikieni chai.

Julai 2022 nilikuwa ndani ya matatu ya kutoka Nairobi kwenda Nyeri. Nyuma ya dereva alikaa kijana mwenye kofia ya Azimio, na pembeni yake bibi mmoja aliyepakata kikapu cha parachichi. Kijana alikuwa mchangamfu, naye akaamua kufanya kazi ya chama.

"Shosho, mwaka huu ni Baba."

"Baba ni wa nani?"

"Raila, Shosho. Uhuru amesema."

Bibi akageuza kikapu magotini. "Mjukuu wangu, Uhuru alisema tumpigie yeye na Ruto. Tukapiga. Akasema tena, tukapiga tena, Oktoba tukarudi foleni kwa baridi. Sasa amegeuka yeye. Shingo yangu mimi ni ya zamani, haigeuki upesi hivyo."

Matatu nzima ilicheka, kijana naye akacheka, akavua kofia akaiweka mfukoni, si kwa kuchukia, ila kwa sababu tulikuwa tumeshapita Thika na huko mbele ilikuwa haina kazi.

Yule bibi alimaliza sayansi ya siasa kwa sentensi chache. Hakusema Raila ni mbaya. Hakusema hata kwamba Ruto ni mwema. Alichokataa ni kugeuzwa bila kuulizwa. Watu wa Uhuru Park mwaka 2002 waliulizwa, hata kama swali lenyewe lilikuwa na jibu ndani yake. Watu wa Sagana waliarifiwa. Na Uhuru hakuwa na kitu cha kupoteza ambacho wangekiona. Muhula wake wa pili ulikuwa unaisha. Alikuwa akiwaomba walipe wao.

Walimhesabia pia kilichokuwa dukani. Ukiungwa mkono na rais aliyeko madarakani unapata helikopta, machifu na vipindi vya televisheni, lakini unapata na bei ya unga. Katikati ya mwaka ule pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilikuwa imefika Sh205. Tarehe 20 Julai, wiki tatu kabla ya kura, Uhuru akatangaza ishuke hadi Sh100. Watu walikwenda madukani. Wengi hawakuuona kwa bei hiyo. Ruto, ambaye alikuwa naibu wa serikali hiyohiyo kwa miaka tisa na ushei, alipita vijijini na wilibaro, na mama mboga, na bodaboda, akiuliza nani amewafanyia hivi. Na Raila, aliyekuwa ameishi maisha yake yote ya siasa akiuliza swali hilo, safari hii hakuweza kuliuliza. Kwangu mimi hiyo ndiyo gharama kubwa aliyolipa, kuliko hata kura za Mlima ambazo hakuwa nazo tangu hapo. Mpinzani wa miaka 40 aliitwa mradi wa serikali, na hakuwa na jibu. Mombasa, ngome yake, waliojiandikisha wengi hawakufika vituoni.

Mei alikuwa amemteua Martha Karua kuwa mgombea mwenza, mwanamke wa Kirinyaga, waziri wa sheria wa Kibaki, ambaye mwaka wa 2008 alikaa upande wa pili wa meza ya Annan akiutetea ushindi wa Kibaki dhidi ya Raila kwa ukali kuliko wanaume wote wa upande wake. Uteuzi ule ulisisimua watu Nairobi. Kirinyaga ilimpigia Ruto.

Matokeo ya tarehe 9 Agosti 2022, kama yalivyotangazwa na mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, huku makamishna wanne wakiyakana katika hoteli moja mjini, na kama yalivyothibitishwa na Mahakama ya Juu tarehe 5 Septemba: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Kiambu, kaunti ya nyumbani kwa Uhuru, Raila alipata kama robo ya kura. Nyeri, Murang'a na Kirinyaga, Ruto alizoa zaidi ya robo tatu. Mabingwa wa redio walisema asubuhi yake kwamba Uhuru hakuleta kitu. Si haki kusema hivyo. Agosti 2017 kura za Raila katika kaunti hizo zilikuwa chache mno. 2022 alikaribia asilimia 20 au akazidi katika baadhi yake. Neno la Uhuru lilimsogeza mtu mmoja katika kila watano hivi, na katika eneo hilo, kwa mgombea huyo, hicho si kidogo. Lakini Azimio ilikuwa imepiga hesabu ya watu wawili.

Upande wa pili wa mpaka, Tanzania ilikuwa imeshaufanya mtihani wake miaka saba kabla. Septemba 2007, kwenye viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma orodha ya watu aliowaita mafisadi, na jina la Waziri Mkuu Edward Lowassa lilikuwamo. Februari 2008 Lowassa alijiuzulu kwa kashfa ya Richmond. Julai 2015 CCM ilipolikata jina lake Dodoma, akavuka. Tarehe 28 mwezi huo alijiunga na CHADEMA, na mara akawa mgombea urais wa umoja wa vyama vinne ulioitwa UKAWA. Hilo lilikuwa kuhama, ndiyo, kwa upande wake. Kwa wafuasi wa CHADEMA lilikuwa jambo la sura hii hasa: wao hawakuhama popote, walipewa mgombea wa upande wa pili wakaambiwa mchagueni.

Slaa alikataa, akatangaza kuachana na siasa za vyama tarehe 1 Septemba. Profesa Ibrahim Lipumba naye alikuwa ameshajiuzulu uenyekiti wa CUF Agosti. Umati haukuwafuata. Kila Lowassa alikokwenda watu waliinua mikono na kuizungusha, moja juu ya nyingine, ishara ya refa anapobadili mchezaji, na kuitikia "mabadiliko". Ni rahisi kuwacheka. Lakini angalia hesabu: mwaka wa 2010 Slaa alikuwa amepata kama asilimia 27 na Lipumba 8. Lowassa alipata karibu 40 dhidi ya 58 za John Magufuli. Kura zilizokuja na yeye kutoka CCM, kama ndivyo zilivyokuja, zilikuwa chache kuliko kelele. Machi 2019 alirudi CCM, akapokewa kwa shangwe, na wale walioizungusha mikono wakabaki nayo.

Cha ajabu zaidi ni 2020. ACT-Wazalendo ilikuwa na mgombea wake wa urais wa Muungano, Bernard Membe, waziri wa zamani wa mambo ya nje aliyetoka CCM. Katikati ya kampeni viongozi wake wakubwa, Maalim Seif Sharif Hamad na Zitto Kabwe, walitangaza kwamba wao wanampigia Tundu Lissu wa CHADEMA. Sheria haikuwa ikiwaruhusu kuungana rasmi wakati huo. Muda ulikuwa umepita. Membe aliachwa kwenye mataa, akisisitiza kwamba bado ni mgombea, na kweli jina lake lilibaki kwenye karatasi. Alipata chini ya asilimia moja. Lissu, kwa hesabu ya Tume ambayo upinzani uliikataa, alipata 13. Nadhani Maalim alikuwa sahihi kisiasa. Lissu ndiye aliyekuwa na watu. Ila sijawahi kusikia maelezo ya kuridhisha ya kwa nini mtu asipelekwe nyumbani kwa heshima kabla ya kuchapishwa karatasi.

Nirudi Kenya, maana huko mkopo haujafungwa. Julai 2024, baada ya vijana kuandamana na kuingia bungeni kupinga Muswada wa Fedha, Ruto aliwaita watu wa ODM ya Raila serikalini: John Mbadi akapewa Hazina, Opiyo Wandayi Kawi, Hassan Joho Madini, Wycliffe Oparanya Ushirika. Tarehe 7 Machi 2025, KICC ileile, Ruto na Raila wakatia saini makubaliano ya vipengele kumi kati ya UDA, chama cha Ruto, na ODM. Safari hii aliyekuwa akiazima alikuwa rais. Naibu wake Rigathi Gachagua, aliyemsaidia kuzoa kura za Mlima, alikuwa ameondolewa na Seneti Oktoba 2024, na Mlima ulikuwa umenuna pamoja naye. Pengo la robo tatu zile za Nyeri na Murang'a lilihitaji kuzibwa kwa kura za mahali pengine, na mahali pengine palipokuwa na kura nyingi zinazotembea pamoja ni kwa Raila tu.

Tarehe 15 Oktoba 2025 Raila alifariki India. Alizikwa Bondo siku nne baadaye kwa heshima zote za taifa. Kabla ya mazishi ODM ilikuwa imeshamkabidhi uongozi kaka yake, Oburu Oginga, ambaye alikuwa upande wa kushirikiana na Ruto. Katibu mkuu wa chama wakati huo, Edwin Sifuna, alikuwa ameshasema hadharani kwamba yeye hatampigia Ruto debe 2027. Makubaliano ya vipengele kumi yana saini mbili. Mwenye moja yuko Ikulu, na mwenye nyingine hakuacha maandishi ya kusema nani sasa anayeweza kusimama Kisumu akauliza kama fulani anatosha.